Kidato cha kwanza walichangamka wiki moja tu, sasa wamenyamaza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu, na mwaka huu nimekabidhiwa darasa la kidato cha kwanza kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wangu wametoka shule nyingi za msingi. Wapo waliokuja kundi zima wakijuana, na wapo waliofika hapa hawamjui hata mmoja.

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Tuliwapokea kwa hotuba, tukawatembeza shule nzima, viranja wakajitambulisha, tukaimba na kucheza. Ilipofika wiki ya tatu hali ikageuka. Kazi za nyumbani haziletwi. Wanachelewa vipindi hata pale chumba kinapokuwa hatua chache tu kutoka walipo. Kila siku kuna anayeomba ruhusa kwa sababu ya tumbo, na akienda kupimwa haonekani ugonjwa.

Wawili wananisumbua akili zaidi. Mmoja ni kijana aliyekuwa akiongoza katika shule yake ya msingi. Jaribio la kwanza la hisabati amepata 41 kwa 100. Alikunja karatasi akaitia mfukoni, na tangu hapo hanyoshi mkono. Mama yake amenipigia simu kunieleza kwamba mtoto akifika nyumbani husema, "Ile shule si ya watu kama mimi." Anafikiria kumhamisha. Wa pili ni msichana mkimya. Hana kosa lolote, kazi zake analeta, lakini wakati wa mapumziko namwona akizunguka na kitabu mkononi: maktaba, chooni, maktaba tena, mpaka kengele ilie.

Halafu kuna wale wakubwa. Wanawatuma wageni vitu visivyokuwepo: "Nenda kwa mwalimu wa zamu ukachukue ufunguo wa ghorofa ya tatu." Shule yetu haina ghorofa hata moja. Mtoto anazunguka, anachelewa kipindi, anaadhibiwa. Wenzangu wanacheka na kusema huo ni utani wa miaka yote.

Nikilitaja jambo hili katika chumba cha walimu najibiwa, "Waache, watazoea. Sisi nani alitubeba?" Mkuu wa shule amenipa kipindi kimoja kwa wiki, dakika 40, nikae na darasa langu nifanye ninachoona kinafaa. Nifanye nini humo? Na je, ni kweli nawadekeza?

Mwalimu wa wageni

*

Marahaba, mwanangu.

Wenzako wana nusu ya ukweli. Hofu ya mwezi wa kwanza kwa watoto wengi hupungua yenyewe, na mtoto asiyeachiwa kupambana na lolote hajifunzi lolote. Lakini kuna kuzoea kwa namna mbili. Yupo anayezoea kwa sababu amepata watu wake na amezijua njia za shule. Na yupo anayezoea kutoulizwa, kutojibu na kula peke yake. Ukiwatazama ukiwa mbele ya darasa, wote wawili wametulia. Kazi yako muhula huu ni kuwatofautisha, na kwa hiyo sitakushauri uanze na wanaolia. Anayelia amekwisha onekana.

Tumia kipindi chako cha kwanza hivi. Mpe kila mmoja kipande cha karatasi, aandike jina lake na majibu ya maswali mawili. La kwanza: ukipatwa na shida hapa shuleni, ni mtu mzima gani utamwendea? La pili: ukikosa kuja siku moja, utamwomba nani akuazime daftari lake? Waambie karatasi hizo utazisoma wewe peke yako, na usizisome mle darasani. Utakaporudi mezani kwako, weka kando zilizoachwa wazi, na zile zilizoandikwa "yeyote" au "sijui". Hao ndio wa kuanza nao, na nakuhakikishia kuna jina au mawili hapo ambayo hukuyatarajia. Mtoto mchangamfu anayechekesha darasa zima anaweza asiwe na wa kumwazima daftari.

Sasa turudi kwenye hiyo wiki yenu ya kwanza, maana nadhani ilifanya kazi kidogo kuliko mnavyodhani. Hotuba zinamkuta mtoto hata mlango wa choo haujui bado. Katika siku zile chache anapewa majina ya walimu wanane au kumi, ratiba, kanuni, mipaka, mavazi na namna ya kusalimia, na karibu vyote vinamtoka. Shule ya msingi alikuwa na mwalimu mmoja au wawili waliojua kwamba mama yake amejifungua juzi. Hapa kila baada ya kipindi anaingia mtu mwingine. Alikuwa mkubwa wa shule, sasa ni mdogo kuliko wote. Juu ya hayo mwili wake nao unabadilika. Roberta Simmons na Dale Blyth, waliofuatilia vijana wa mji wa Milwaukee, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1987, waliona kwamba mabadiliko mengi yakimwangukia mtoto kwa pamoja, yaani shule mpya, balehe na labda kuhama nyumba, ndipo anapoyumba zaidi, hasa kujithamini kwake na masomo yake. Akiwa na upande mmoja wa maisha ambao haujaguswa, mengi mengine huyamudu. Kwa kila mtoto anayekutia wasiwasi, jiulize ni kitu gani kwake hakijabadilika. Kama ni mpira, usimzuie uwanjani kwa sababu ya kazi ya jiografia ambayo hakuileta.

Yale ya wiki ya kwanza yarudieni wiki hii. Safari hii yafundishe kama unavyofundisha somo. Wafundishe kusoma ratiba: vipindi viwili mfululizo vinaonekanaje, na nani anahama, mwalimu au darasa. Wafundishe kupanga mkoba jioni kwa ratiba ya kesho, si asubuhi huku wakikimbia. Kuna watoto wanaobeba madaftari yote kila siku kwa kuogopa kusahau moja; utawajua kwa mabega. Wafundishe pia kumwendea mwalimu baada ya kipindi na kusema, "Mwalimu, sikuelewa kuanzia hapa." Sisi hudhani mtoto atalijua hilo mwenyewe. Wengi hawalijui, na baadhi yao nyumbani wamefundishwa kwamba kumuuliza mkubwa ni utovu wa adabu. Waigize wawili wawili. Watacheka, nawe waache wacheke.

Kuhusu kazi za nyumbani zisizoletwa, kabla hujamlaumu mtoto mtazame mwalimu. Bandika karatasi kubwa ukutani yenye siku za wiki, kila mwalimu anayetoa kazi aandike ametoa nini na ya lini. Ikiisha wiki isome. Ukikuta Alhamisi ina kazi tano na Jumatatu haina hata moja, ichukue ile karatasi uende nayo chumba cha walimu bila maneno mengi. Kila mmoja wenu hutoa kazi kama vile somo lake ndilo pekee, na hakuna mwovu hapo, hamwonani tu. Katika shule ya msingi mwalimu mmoja aliipima siku nzima ya mtoto peke yake. Kwenu hakuna anayeipima, mpaka mmoja aamue kuipima.

Matumbo usiyadharau. Tumbo la hofu linauma kwelikweli, na mtoto hadanganyi. Andika ni nani, siku gani na kabla ya kipindi gani. Likiuma kila kabla ya somo moja, umepata pa kuanzia. Likiuma kabla ya michezo, jiulize wanabadilishia nguo wapi, mbele ya nani. Kwa wasichana, hakikisha kila mmoja anajua mahali penye maji na mwalimu wa kike anayetunza taulo za kike, tena aambiwe kabla hajahitaji. Wengine hukaa nyumbani siku nzima kwa kukosa kujua hayo tu.

Nimfikie kijana wako wa 41.

Huyu hajawa mjinga kwa likizo moja. Alichobadilisha ni watu anaojipima nao. Herbert Marsh, mtafiti wa Australia, ameliandikia jambo hili tangu miaka ya 1980: chukua wanafunzi wawili wenye uwezo uleule, mmoja umweke kati ya wanafunzi wa wastani na mwingine kati ya wanaofaulu sana. Huyu wa pili atajiona dhaifu, ingawa uwezo wao ni mmoja. Kijana wako alikuwa samaki mkubwa kisimani, sasa ameingia ziwani pamoja na wakubwa wa visima vingine vyote. Mweleze hivyo, kwa maneno yako, mkiwa wawili tu. Usimwambie "wewe una akili sana." Aliambiwa hivyo miaka yote, na ndiyo maana 41 imemvunja: ikiwa mafanikio ni akili, basi kushindwa maana yake akili imekwisha.

Kaa naye na ile karatasi, dakika kumi zinatosha. Msitazame jumla, tazameni swali moja moja alama zimepotelea wapi. Mara nyingi kwa watoto wa aina yake jibu la mwisho lipo na njia haipo, kwa sababu alizoea kupiga hesabu kichwani na kupata vema. Au alisoma sana, lakini kwa kurudia kusoma. Muulize anavyojiandaa. Akisema anasoma daftari mara nne, mfungie daftari na umwambie aandike anachokumbuka. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilijaribu hili kwa wanafunzi wa chuo mwaka 2006. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi walipoulizwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamejijaribu bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma kunampa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo humwacha siku ya mtihani.

Mama yake mpigie wewe, usingoje akupigie. Mwombe asimhamishe kabla ya muhula kwisha. Shule nyingine itamrudisha wiki ya kwanza, na safari hii ataifika akiwa ameshajifunza kwamba mambo yakiwa magumu mtu huondoka. Nabadili neno langu kwa jambo moja tu: ikiwa anapigwa, ananyang'anywa au anatishwa na shule haichukui hatua, basi ahame, na upesi. Muulize mama pia mtoto analala saa ngapi. Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa pendekezo mwaka 2016: saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18, na 9 hadi 12 kwa wenye miaka 6 hadi 12. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele, usingizi unachelewa kuja hata akiwa kitandani, na asubuhi ya shule haisogei. Simu ikilala chumba kingine, ni nusu ya kazi.

Kuna jambo moja zaidi la kumsaidia, nalo ni la darasa zima. Alisema "ile shule si ya watu kama mimi." Kila mmoja katika darasa lako anaamini ni yeye peke yake anayewaza hivyo. Omba wanafunzi wanne au watano wa kidato cha pili waje kwenye kipindi chako. Usilete viranja wala wanaoongoza. Leta wa kawaida, pamoja na mmoja aliyekuwa akichelewa kila siku mwaka jana. Waeleze kilichowaogopesha walipofika, kilidumu muda gani, na nini kilibadilika. Kisha wageni waandike barua kwa mtoto atakayeingia kidato cha kwanza mwaka ujao, wamweleze la kutarajia. Geoffrey Borman na wenzake walifanya jambo linalokaribiana na hili katika shule 11 za Wisconsin, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo mafupi ya waliowatangulia, wakaandika ya kwao, basi. Kufikia mwisho wa mwaka, siku walizokosa shule na alama zao za kufeli zilikuwa chache kuliko za wenzao ambao hawakufanya zoezi hilo. Angalizo langu: usiwaambie ni dawa ya woga wao. Mtoto akijua anatibiwa anajiona mgonjwa. Mwambie anamsaidia mdogo wake, na kweli anamsaidia.

Msichana wa maktaba. Kwanza jua anapenda kitabu au anajificha nyuma yake. Muulize anasoma nini. Akikueleza hadithi mpaka kengele, muache na kitabu chake, si lazima kila mtu awe wa kundi. Ila hiyo safari ya maktaba na chooni inanitia shaka. Mtu huenda chooni mara nyingi wakati wa mapumziko kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo kuwa peke yako hakuonekani ajabu. Kama ni hivyo, usimtangaze. Usiliambie darasa "mchezeni na mwenzenu," maana utakuwa umemmaliza. Usimtupe pia katikati ya wasichana sita waliojuana tangu darasa la kwanza. Mpe kazi inayohitaji watu wawili, kama kukusanya madaftari na kuyapeleka ofisini, na huyo wa pili umchague wewe kwa makini: mtu mpole, asiyekuwa na msururu wa marafiki. Kazi inawapa la kuzungumza bila kutafuta la kuzungumza. Anahitaji rafiki mmoja tu, na hao wengine watakuja kwa huyo.

Panga pia nani akae wapi, kwa darasa zima, ubadilishe kila baada ya wiki chache. Watoto watanung'unika. Lakini kwa mgeni, sentensi ngumu kuliko zote ni "naweza kukaa hapa?", na ukipanga wewe hakuna anayelazimika kuitamka.

Wale wa ufunguo wa ghorofa ya tatu nawagawa mafungu mawili. Utani ni ule ambao anayetaniwa anacheka na anaweza kurudisha. Huyu wa kidato cha kwanza harudishi, na mbaya zaidi, ninyi walimu ndio mnaoukamilisha: wakubwa wanampumbaza, nanyi mnamwadhibu kwa kupumbazwa. Anzeni hapo. Aliyechelewa aulizwe alitumwa na nani, na adhabu imfuate aliyetuma. Utaona utani wa miaka yote unavyopungua utamu.

Fungu la pili ni kupiga, kunyang'anya, kushika mwili wa mtu, kutisha, kumtenga kwa makusudi, na picha zinazosambazwa kwenye simu. Hayo usiyashughulikie peke yako katika kipindi cha dakika 40. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba nusu ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 duniani, kama milioni 150, wamepitia ukatili wa wenzao ndani ya shule au karibu nayo. Kwa hiyo usidhani kwenu hakuna. Jiulize kwenu ukatili huo unatokea wapi. Mtoto akianza kukueleza, usimwahidi kwamba utaficha. Mwambie utamweleza nani na kwa nini. Andika maneno yake kama alivyoyasema, mpelekee mkuu wa shule siku hiyohiyo. Na tafadhali, usiwakalishe meza moja mwonevu na aliyeonewa wakapeane mikono. Wakubwa wanaipenda sana picha hiyo. Mtoto anatoka pale akijua atalipia nje.

Ungekuwa na bweni ningeandika mengine mengi kuhusu usiku. Kwa wa kutwa naongeza hili: anayeacha kula, anayezungumzia kujidhuru au kutamani asiwepo, au anayetoweka shuleni siku kadhaa bila sababu, mpeleke siku hiyohiyo kwa mwalimu wa ushauri nasaha au kwa mtaalamu wa afya, na mzazi ajue. Hilo limevuka mpaka wa mwalimu wa darasa.

Kama unawadekeza? Kumdekeza ni kumfanyia kazi ambayo anaweza kuifanya. Kumwonyesha mlango uko wapi halafu ukamwacha aufungue ni ualimu. Pia huwezi kuwabeba wote peke yako, utachoka kabla ya muhula kwisha. Wenzako wanaosema watazoea, usibishane nao. Mpe kila mmoja majina matano kutoka kwenye zile karatasi zilizoachwa wazi, bila kumweleza kwa nini yamechaguliwa hayo. Mwombe jambo dogo tu: awajue hao watano kwa majina yao, ayatamke sawasawa, na kila wiki amuulize kila mmoja swali moja lisilohusu masomo. Kabla ya muhula kwisha gawa karatasi tena, maswali yaleyale mawili, kisha niandikie zimebaki wazi ngapi.